Chati ya Saa Kumi

Watu walimwita Sista Wakili, na kama kulikuwa na kejeli ndani ya jina hilo, alishaizoea. Alikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa kwa miaka kumi na moja. Kisha akaanza kusoma sheria jioni, miguu imemvimba kwa kusimama kutwa, na ndugu zake wakasema amerukwa na akili. Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la vioo. Wanaopanda kwake huja na bahasha za eksirei kwapani na kisa ambacho kila mtu amekwisha kuwaambia wakisahau.

Faili la mgonjwa hulisoma kuanzia nyuma. Husema kwamba mbele ni maneno ya madaktari, na daktari huandika akijua atasomwa. Nyuma ndiko ziliko chati za wauguzi, ambazo kila mtu hudhani hakuna atakayezitazama tena.

Siku moja mpaka rangi mmoja alipanda kwake kwa magongo. Alikuwa ameanguka kazini, mguu ukavunjika, akafungwa plasta Jumapili asubuhi. Jumatatu vidole vilikuwa vyeusi, na wiki haikwisha kabla hawajamkata chini ya goti. Hospitali ilijibu kwa barua fupi kabisa: mgonjwa hakulalamika, na chati yaonyesha vidole vilikuwa na joto kutwa nzima, yaani damu ilivifikia.

"Niliita, Sista, mpaka sauti ikanikauka," alisema. "Lakini hata mke wangu haniamini. Siku ile alikuwa kwao, anamuuguza mama yake. Sasa tukikorofishana kidogo tu, hata kwa jambo la chumvi, ananirudishia lile lile: 'Kwa nini hukusema? Si ungesema!' Ananijua mimi si mtu wa kulalamika. Fidia ikija nitaipokea, sikatai. Ila nataka mtu atamke kwamba nilisema."

Sista Wakili akaifungua chati. Saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, saa kumi na mbili: *Vidole vina joto, anavitikisa.* Kalamu ile ile, mwandiko umetulia, wa mtu aliyeketi kitako. Akacheka bila furaha. Wodini waliita jambo hilo kupika chati. Unaijaza yote kwa mkupuo mwisho wa zamu, roho ikikusuta kidogo, kisha unakwenda zako nyumbani. Yeye mwenyewe alizipika, na si mara moja. Akaona haya, peke yake pale mezani.

Haya hiyo haikumzuia. Akaomba daftari la chumba cha eksirei. Wakamwambia limepotea, akaandika tena. Wakamwambia aliyelitunza yuko likizo, akaenda kukaa kwenye benchi lao mpaka likizo ikaisha. Aliwaganda kama ruba kwa miezi mitano. Daftari lilipotoka, lilisema Jumapili ile, kuanzia saa kumi kasorobo hadi saa kumi na robo, mpaka rangi alikuwa eksirei, jengo la pili. Sasa ni nani aliyemshika vidole wodini saa kumi?

Siku ya kesi, wakili wa hospitali alimkuta ukumbini. Alikuwa mtu wa suti nzuri na maneno laini.

"Sista, yule aliyejaza chati ni muuguzi mwenzako. Kweli utamvua nguo mbele ya watu?"

Hasira zikampanda, hasa kwa kuwa swali lilimgusa penyewe. Akapiga moyo konde, akampa kisogo, akaingia.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mikono ameifumbata mapajani. Alisoma chati yake kwa sauti ndogo. Sista Wakili akamwekea daftari la eksirei mbele yake, wala hakumfokea.

"Siku ile wodini mlikuwa wauguzi wangapi, dada?"

"Mimi peke yangu."

"Na wagonjwa?"

"Thelathini na wanane."

"Mimi nimekaa kwenye kiti kama chako, wodini. Chati kama hii nimeshaijaza kwa mkupuo, miguu ikiniwaka."

Wakili wa hospitali akainuka kupinga, na jaji akakubaliana naye. "Wakili, uliza maswali. Usitoe ushahidi."

"Nimekusikia, mheshimiwa. Dada, mgonjwa huyu alikuita?"

Muuguzi alilifunga daftari.

"Aliniita."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu. Ilifika mahali mgonjwa wa kitanda cha pili akawa anamsaidia kuita."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia plasta mpya huuma, avumilie." Akajifuta macho kwa kiganja. "Sikwenda kumtazama. Nilikuwa na mwingine anatokwa damu."

Mpaka rangi hakumtazama muuguzi wala jaji. Aligeuka mzima mzima, gongo likaanguka sakafuni, akamtafuta mkewe kwenye benchi la nyuma.

"Umesikia?" akamwuliza, mbele ya mahakama nzima.

Mkewe alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Akatikisa kichwa kukubali, akatikisa tena na tena. Jaji alifungua kinywa ili awanyamazishe, kisha akaacha.

Sista Wakili aliwasubiri. Halafu akamgeukia shahidi, akamwuliza ni nani aliyepanga zamu ile ya mtu mmoja.