Mlevi wa London Uani Kwetu

Nilipoolewa Temeke, enzi za Mwingereza, nilikuja na kitabu kinene nilichozawadiwa nilipomaliza shule. Mtunzi wake alikuwa Mwingereza aliyekufa zamani, wakati wa malkia wao mzee. Alasiri wanawake wa nyumba yetu walikaa uani wakikuna nazi na kuchambua mchele, nami nikiwasomea, Kiingereza nikikigeuza Kiswahili hapo hapo.

Aliyekipenda zaidi ni shoga yangu wa chumba cha pili. Mumewe, kuli wa bandarini, alikuwa akimpiga hadi jicho linafumba. Siku moja tulifika mahali ambapo mlevi mmoja wa London anamburura mkewe kwa nywele na kumkanyaga mbavu.

"Mkewe akafanya nini?" shoga akauliza.

"Akamwombea dua mumewe."

"Kakanyagwa mbavu, halafu anamwombea?" Akaacha kukuna. "Huyo mtunzi hajapigwa."

Tukacheka. Mama mkwe wangu alicheka mpaka akafuta machozi. Hatukumsikia yule kuli akiingia. Alidhani tunamcheka yeye. Akaninyang'anya kitabu, akampiga nacho mkewe usoni; jalada likampasua mdomo. Shoga akaangukia mbuzi ya nazi, meno ya chuma yakamchana paja. Mumewe akamkamata nywele, akainua mguu.

Nilimrukia mgongoni, akanitupa ukutani. Nilipoinua kichwa, shoga alikuwa ameshaokota mchi. Alimpiga mkononi, nikausikia mfupa ukivunjika. Akampiga begani, akampiga tena pale pale, huku damu ikimtiririka kidevuni, mpaka mama mkwe akamkumbatia kwa nyuma.

"Basi, mwanangu. Utamuua."

"Niache nimuue, mama."

Mama mkwe hakumwachia. Majirani wakamtoa mwanamume nje, analia kwa sauti.

Kwa kadhi yule mume alikuja mkono umening'inizwa shingoni, akalalamika kwamba mkewe kafundishwa ujeuri na vitabu vya makafiri. Kadhi akamgeukia shoga, akautazama mdomo wake ulioshonwa.

"Wewe unataka nini?"

"Talaka," akajibu, kwa shida.

Akaipata. Nilimsindikiza kwao Chamazi, anachechemea njia nzima, hataki nimshike. Mama yake akatoka kutulaki. Alimpokea kikapu, akamkalisha kwenye mkeka, akaenda kuchemsha maji.