Sauti ya Mama Riziki kwenye FM na kwenye intaneti

Leo redio ya gari imeniokoa nisimtoe mtu kwenye kwaya.

Mimi ndiye kiongozi wa kwaya yetu hapa Berea. Leo jioni nilipanga kumwambia Mama Riziki apumzike, maana kila mtu analalamika kwamba sauti yake haisikiki.

Basi tuko Kensington, shemeji yangu Patient anaendesha. FM ikaanza kupiga wimbo ambao kwaya yetu ilirekodi!

Tukashangilia. Lakini lo, mikwaruzo tupu, kama mvua kwenye bati.

"Shemeji, FM ya nini?" akasema Patient. "Stesheni hiyohiyo iko kwenye intaneti."

Robot, yaani taa za barabarani, ilipowaka nyekundu, akaunganisha simu na gari. Intaneti huchelewa kidogo nyuma ya FM, kwa hiyo ubeti uleule ukarudi.

Safi kabisa! Na chini ya sauti zetu zote, sauti moja nzito, tulivu, inatubeba.

"Nani huyo?" akauliza Patient.

Eish. Mama Riziki.

Nikampigia palepale. "Mama, Jumapili unasimama mbele, kwenye maikrofoni."

"Mimi? Mbele?" Akacheka mpaka akalia.

Anayesema FM inatosha, aje hapa chini kwenye maoni tubishane. Leo nina ushahidi.