Chembe Nyeusi Kwenye Bomba Langu

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini nyumba yangu hapa Kibosho nimejenga mwenyewe, hata mabomba. Kwa hiyo maji yalipoanza kutoka na chembe nyeusi, sikuita fundi wala kuuliza jirani. Nilishajua. Mama Aneth, anayekaa mlimani juu ya kwangu, ana mashine ya kumenya kahawa karibu na chanzo cha maji. Nikajaza chupa, nikaipeleka kwenye kikao cha kijiji, nikataka atozwe faini ya pipa zima la mbege, pombe yetu ya ndizi.

Mama wa watu akasema taratibu, "Baba Joni, mbona kwangu yanatoka safi? Twendeni kwako wote, tukaone."

Nikatangulia, kifua mbele. Jikoni nikawaonyesha bomba, nikawaeleza nilivyolifunga kwa mikono yangu bila kumlipa mtu.

Mzee wa kamati ya maji akalifungua, akachokonoa kwenye maungio, akatoa kipande cheusi kinachomomonyoka. Akakisugua kidoleni, zikabaki chembe zilezile.

"Hii ni tyubu ya pikipiki," alisema. "Umesema nani alifunga hapa?"