Nilivyowaunganisha Ndugu kwa Wembe na Gundi

Ile asubuhi ya kiangazi naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka nasonya. Nasonya nikiwa naoga, nasonya nikiwa kwenye foleni ya benki, na mke wangu ameshazoea, haulizi tena. Ilikuwa miaka ya tisini, katikati hivi. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nimerudi Mpanda likizo na suruali mbili, vitabu saba na maoni juu ya kila kitu. Nilikuwa nasoma sosholojia, yaani elimu ya namna watu wanavyoishi pamoja. Ukishasikia nilichofanya utaelewa kwa nini siku hizi sipendi kuulizwa nilisomea nini.

Mjomba wangu Sadiki alikuwa na studio ya picha pale Kashaulili, hatua chache kutoka sokoni. Ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele palikuwa na benchi la kusubiria, kioo, chanuo lililofungwa kamba lisiibwe, na koti moja jeusi la kuazima ambalo nusu ya wanaume wa mji ule wamelivaa kwenye picha zao. Nyuma ndipo alipokuwa na chumba chake cha giza. Picha za rangi zilikuwa zinapelekwa Tabora kwa treni na kurudi treni ikipenda, lakini za nyeusi na nyeupe Mjomba alizisafisha mwenyewe. Likizo ile alinifundisha kazi moja niliyoipenda kuliko zote: kuunganisha.

Nyie mnadhani mambo haya yalianza na simu zenu. Sisi tuliunganisha kwa wembe. Unachukua picha mbili ambazo vichwa vinalingana ukubwa na mwanga umetoka upande mmoja. Unamkata mtu kwa kufuata bega, shingo, sikio, taratibu, maana mkono ukiteleza umemwondolea mtoto wa watu sikio. Unasugua ukingo wa karatasi kwa msasa upande wa nyuma mpaka uwe mwembamba, unambandika kwa gundi pembeni ya mwenzake, unafuta mshono kwa penseli laini, halafu unaipiga picha ile picha. Inayotoka hapo ni moja. Watu walikuwa wanaletewa baba aliyekufa wakiwa wachanga, amesimama nyuma yao na ndevu zao zimeshaota, na walikuwa wanalia palepale dukani.

Mjomba alikuwa na sharti moja katika kazi hiyo. Alikuwa anasema, "Aliyekufa nitamuunganisha. Aliye mbali nitamuunganisha. Mwenye miguu aje." Mimi niliona ni ushirikina wa kizee. Nilifikiria hata kuuandikia insha.

Sasa nikwambie habari za Mama Masanja. Alikuwa anakaa Misunkumilo, mama wa Kisukuma aliyeshuka kutoka Usukumani na mumewe na ng'ombe zao miaka mingi nyuma, tukawa tunamwona kama mwenyeji. Alikuwa na watoto wawili wa kiume. Masanja ndiye mkubwa, aliishi karibu naye. Shija, mdogo, alikuwa analima Litapunga. Baba yao alipofariki, Shija alikuwa Karema, ziwani, kununua dagaa. Taarifa ilimfikia imechelewa, na alipofika nyumbani siku ya tatu alikuta udongo wa kaburi umeshakauka.

Aliuliza swali moja tu: "Hamkuweza kunisubiri hata nimwone uso?"

Masanja, ambaye alikuwa hajalala siku tatu, akamjibu: "Kwani dagaa walikuwa na haraka kuliko baba?"

Basi. Miaka minne. Mmoja akiwa uani kwa mama, mwingine akifika anaona baiskeli ya mwenzake, anageuza ya kwake hukohuko njiani. Mji mzima ulijua, na mimi nilijua.

Ambacho sikukijua wakati ule ni kwamba Mama Masanja na Mjomba walikuwa wameshapanga lao. Mama aliwaambia wanawe, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba anataka picha moja na watoto wake wote kabla macho hayajamwisha. Nani atamnyima mama picha? Wote wawili walikubali, huku wakinung'unika. Kazi ya Mjomba ilikuwa nyepesi: awe mpiga picha. Unawajua wapiga picha. "Sogea. Sogea tena. Mshike mwenzako bega. Wewe, mbona umenuna, umekuja msibani?" Wakati ule hapakuwa na mtu mwingine mjini kwetu aliyeweza kumwamuru mwanaume mzima amshike mwenzake bega, na akatii.

Siku yenyewe ilipofika, treni iliyokuwa imechelewa ikaingia, na Mjomba akalazimika kwenda stesheni kuchukua boksi lake la karatasi na dawa. Akaniambia, kidole kimenielekea puani, "Mama Masanja na wanawe wakija, waambie wasubiri. Usipige mtu mpaka nirudi."

Mwanangu, ni sentensi ngapi hizo? Mbili. Mtu anayesoma vitabu vya kurasa mia nne alishindwa sentensi mbili.

Mama Masanja akaja na Masanja. Nikawaambia wasubiri, kama nilivyoagizwa. Mama akakaa kwenye benchi na kitenge chake kipya, ametulia. Masanja akasimama mlangoni, anaangalia barabara.

"Huyo mtu anakuja, au anatuchezea?"

"Anakuja," mama akasema. "Litapunga si hapa."

"Nimeacha ng'ombe kwa jirani."

"Kwani jirani atawala?"

Nikacheka. Masanja hakucheka. Alikaa, akasimama, akajichana, akakaa tena. Alikuwa anatoka jasho, na mimi kwa elimu yangu nikasema ni joto. Mwezi wa sita, asubuhi! Ilipopita kama nusu saa akavaa kofia yake, akamwita mama yake kwa Kisukuma.

"Mayu, mimi naondoka. Tutakuja siku nyingine."

"Kaa, mwanangu. Kaa kidogo tu."

Hapo ndipo ningenyamaza. Kunyamaza ni bure, hakuhitaji cheti. Lakini nikaona tatizo, na suluhisho lake nilikuwa nalo mfukoni.

"Kaka Masanja, mbona jambo dogo hilo? Nakupiga wewe na mama sasa hivi, unaenda zako. Shija akija nampiga peke yake. Halafu nawaunganisha. Hakuna atakayejua."

Akanitazama kama mtu aliyefunguliwa kamba. "Inawezekana?"

"Kaka, hiyo ndiyo kazi yetu hapa."

"Msomi!" akasema, akavua kofia. "Unaona faida ya shule, mayu?"

Mama akasema polepole, "Mjomba wako si alisema tusubiri?"

"Mjomba ana mambo ya kizamani, mama."

Akaniangalia. Nimeshaangaliwa na maprofesa, nimeshaangaliwa na askari wa barabarani, nimeangaliwa na mama yako nikirudi bila mkate, lakini kule kuangaliwa sijakuona tena. Na hakusema neno. Angesemaje? Masanja yuko palepale, na mpango ule ukitajwa tu umeharibika. Mimi nikachukua kunyamaza kwake kuwa ndiyo. Nikawapanga. Masanja kulia kwa mama, kushoto nikaacha nafasi, upana wa mtu mmoja kamili. Mwanangu, niliionea fahari ile nafasi! Nilirudi nyuma mara mbili kuitazama.

Masanja akaondoka anapiga mluzi.

Hazikupita dakika ishirini, Shija huyu hapa. Gurudumu lilikuwa limepata pancha njiani, amekokota baiskeli sehemu kubwa ya safari, vumbi mpaka kwenye kope. Shati jeupe amelibeba kwenye mfuko wa plastiki lisichafuke. Akaingia nyuma ya pazia, akanawa, akalivaa, akatoka anafunga vifungo na kuchungulia huku na huku.

"Kaka yuko wapi?"

Mama Masanja akaweka mkono mdomoni. Baadaye niliambiwa kwamba kwa miaka minne Shija alikuwa akimwita nduguye "yule wa Misunkumilo". Mimi nilikuwa nashughulika na stendi ya kamera.

"Ameshapigwa, kaondoka. We simama tu hapo, usijali. Kwenye picha mtakuwa pamoja."

"Pamoja vipi?"

"Nitakubandika."

"Utanibandika," akasema, taratibu, kama anaonja kitu kisicho na chumvi. Akasimama nilipomwonyesha, mikono imenyooka, kama mtu anayepigwa picha kituo cha polisi. Nilipomaliza akavua lile shati, akalikunja vizuri, akalirudisha kwenye mfuko. Akamwinamia mama yake.

"Mayu, nilikuwa na maneno ya kumwambia. Njia nzima nimekuwa nayapanga."

"Najua, baba."

"Basi nayarudisha Litapunga."

Mjomba alipofika na boksi lake begani alimkuta Mama Masanja peke yake kwenye benchi, na mimi nimejaa tabasamu. Nikamweleza yote. Nikamweleza hadi ile nafasi ya kushoto. Akatua boksi chini. Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia.

"Huyu mama unamwona?" akasema. "Picha ataipeleka wapi, na macho yenyewe yanamwisha? Alitaka wasubiriane hapo kwenye benchi. Alitaka huyo mkubwa atoke jasho mpaka mdogo aingie. Na yule Masanja alikuwa karibu kulegea, jasho lilikuwa limeshaanza. Wewe ukamfungulia mlango."

"Mjomba, mimi sikujua."

"Hukujua, na hukuuliza. Kazi ya leo ilikuwa kusubiri, na kusubiri hata mbuzi anaweza."

Picha niliimaliza, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Ilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kuunganisha. Mjomba mwenyewe aliigeuzageuza dirishani akitafuta mshono, hakuupata, na akanirudishia bila kunisifu. Nikaipeleka Misunkumilo kwa baiskeli. Mama Masanja akaisogeza karibu na jicho, akaipeleka mbali, akairudisha.

"Wamependeza wanangu," akasema. Alikuwa mtu mwenye adabu, hakutaka nirudi na aibu. Halafu akaniuliza, na naapa hakuwa ananikejeli: "Na hapa, nani alianza kumsemesha mwenzake?"

Nikageuza baiskeli, nikarudi mjini.

Mjomba alijaribu tena mara mbili kuwaita wote studio. Masanja akajibu, "Picha si ipo? Mama anataka ngapi?" Shija akajibu, "Mwambieni yule msomi anibandike tena." Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Kabla ya picha yangu, kila mmoja alikuwa na sababu ya kwenda. Baada yake, kila mmoja akawa na sababu ya kutokwenda, imekuzwa, imewekwa kwenye fremu, inaning'inia ukutani kwa mama yao.

Mama Masanja alifariki miaka michache baadaye, masika. Nilikuwa nimeshaajiriwa Dar es Salaam, Mjomba akaniandikia barua. Alisema safari hii Masanja alikataa kuzika. Wazee walimsihi, wingu limefunga, kaburi limeanza kuingia maji, akasimama mbele ya jeneza akasema hazikwi mtu hapa mpaka Shija afike. Shija akafika jioni, matope mpaka magotini. Wakakumbatiana mbele ya watu wote, wakalia kama watoto, na watu wakafurahi, msiba ukawa kama sherehe. "Kila mtu aliona," Mjomba aliandika, "isipokuwa mwenye kuitaka siku ile."

Sasa wewe, mwanangu. Juzi umenitumia picha ya ukoo wetu kwenye simu. Watu kumi na wanne, wote wanacheka, hakuna aliyefumba macho, hakuna mtoto anayelia. Nikashangaa, mbona siku ile ya chakula kwako tulikuwa mezani kumi na wawili? Nikakuza, nikaona baba yako mdogo wa Sumbawanga, ambaye hukumwalika kwa sababu anaongea sana. Na dada yako, ambaye hamjasalimiana tangu Pasaka, umemweka ubavuni kwako, na mkono wako umemshika! Chini umeandika, "Tumetimia." Nilisonya mpaka mama yako akaja mbio kutoka jikoni.

Sikukatazi kuunganisha. Mimi ni nani wa kukataza? Babu yako hakuwahi kukubeba, muweke nyuma yako, atafurahi huko aliko. Rafiki yako yuko ng'ambo na hana namna ya kurudi, muweke. Lakini mwenye miguu, mwite. Akichelewa, msubiri. Akikuboa, vumilia, mbona wewe tunakuvumilia? Akikataa, mfuate, na ukifika kwake usianze kwa kueleza nani alikosea, anza kwa kuomba maji ya kunywa. Picha ikimkosa mtu, iache imkose. Ile nafasi tupu ndiyo itakayokusumbua mpaka umpigie simu, na ukiijaza kwa ujanja utalala vizuri, na kulala vizuri kwenye jambo kama hilo ni hasara. Na mtu mzima akikwambia subiri, hata kama hujui kwa nini, hata kama umesoma, nakuomba usubiri kwanza halafu uulize.

Hiyo picha ifute. Usinitumie nyingine mpaka dada yako awemo kwa miguu yake.

Mungu akujalie ndugu wanaokuja, mwanangu, hata kama wanakuja wamenuna na mikono mitupu. Akupe kifua cha kuwapokea hivyo hivyo, wakiwa bado wanatoka jasho la njiani, na siku utakayochelewa wewe, akuwekee mtu mmoja mkaidi atakayekataa kuanza bila wewe.