Neno la siri nimelitangaza kwa redio

Jamani, leo nimeharibu, na Mwingi nzima imenisikia.

Mnajua majibu ya damu hutoka kliniki ya Kyuso na kuja kwa kompyuta yetu hapa hospitali ya Mwingi kupitia laini ya simu. Yanakuja na majina ya watu. Jina moja likivuja, nyumba imevunjika.

Ile njia ya zamani ya kuficha ujumbe imechakaa, mjanja yeyote anaifungua. Kwa hivyo asubuhi nikaitoa kabisa kwenye mfumo, nikaweka mpya.

Kyuso ikanyamaza.

Kompyuta ya kwao inajua ile njia ya zamani tu. Na mimi nimeshaifuta, bila hata kuwatumia mpya kwanza.

Nikamwita Sista Mutheu, nesi wa kliniki ya Kyuso, kwa redio call, maana ile laini ni ya kompyuta tu na simu za mkononi hazishiki kule. Nikamsomea maagizo ya kuweka njia mpya mstari kwa mstari, mpaka neno la siri lenyewe, herufi na namba moja moja. Mara mbili, kwa sababu sauti ilikuwa inakatika.

Kompyuta zikaanza kuongea. Nikaenda chai nikiringa.

Hapo hotelini nikamkuta Mzee Abdi, yule muuza mbuzi. Ana redio call kama yetu dukani, ya kufuatilia malori yake.

"Fundi," akaniambia, "ile namba ya mwisho ilikuwa saba ama tisa? Huku tumebishana."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akasogeza kiti, akashusha sauti.

"Mimi nilipimwa Kyuso juzi."

Chai imenishinda.

Majibu yanatumwa jioni. Neno jingine jipya nitamfikishia Sista kwa njia gani, kama si redio ileile?

Na huyu mzee bado ananiangalia. Nyinyi mngemwambia nini?