Daftari la Wageni

Kwa Olive, mama anayepokea wageni katika ofisi moja ya mtaa wa Himbi, hakuna mtu anayechosha kama mkuu wa wafanyakazi. Baba huyo hutembea na muhuri mfukoni kama wengine wanavyotembea na rozari. Huupulizia pumzi, huugonga, kisha huitazama karatasi kwa mapenzi ambayo mke wake ameshayasahau. Miaka kumi na moja hajaenda kongé, yaani likizo, naye hujisifu: "Mimi nikitoka hata siku moja, bureau inaanguka!" Olive hujibu, "Ndiyo, patron," huku akitazama ukuta wa ofisi usio na hata ufa.

Jumapili moja, ambayo mkuu alimlazimisha na Olive kuja kazini, aliingia binti wa mkuu huyo akitoka misa. Alivaa kanzu nyeupe ya komunyo ya kwanza na kushika kipande cha keki.

"Papa, hukukuja. Nakuletea gato."

"Mugeni anajiandikisha kwanza," alisema mkuu bila kuinua macho.

Mtoto akaandika jina lake daftarini. Penye jina la mtu anayetafutwa akaandika: Papa. Mkuu akachukua rula, akalikata neno hilo kwa mstari mnyoofu, akaandika cheo chake juu yake, akapulizia muhuri, akagonga. Kisha akarudi kwenye mafaili yake.

Olive akalivuta daftari. Ilibaki nafasi moja tupu, ile ya kuonyesha kama mgeni amemkuta aliyemtafuta. Akaijaza kwa herufi kubwa: HAKUMKUTA.