Taulo la Kitinda Mimba

Kila binti aliyeolewa nyumbani kwetu Mbuba aliondoka na taulo la jikoni lililotariziwa na mama: mgomba katikati, maua mawili pembeni, vyote amevichora mwenyewe kwa penseli. Tulikuwa watatu. Ilipofika zamu ya kitinda mimba, mkono wa mama ulikuwa umeanza kutetemeka. Sindano aliimudu bado, polepole, fremu ikiwa imelala mezani. Penseli ilimshinda, na hakutaka taulo la dukani.

Nilifika kutoka Mwanza siku ya Jumatatu. Harusi ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa na kipande kimoja cha nailoni ya watarizi, ile inayoyeyuka majini. Kitambaa cha taulo ni kizito, huwezi kuona kilicho chini yake, lakini nailoni ile ni kama kioo. Niliiweka juu ya taulo langu la zamani, nikaufuatisha mgomba kwa kalamu. Kisha nikaishikiza kwenye taulo jipya kwa bandi, mishono mirefu ya muda, nikamkabidhi mama.

"Nishone juu ya nailoni?"

"Ndiyo. Ukimaliza tunaloweka. Nailoni inakwisha, uzi unabaki."

"Mwanza mna mambo," alisema.

Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Bukiriro, nikatoka kuanua maharage uani. Niliporudi nilimkuta ameshika kikombe cha maji, mashavu yamejaa. Kabla sijasema neno, akayapuliza juu ya taulo. Ndivyo alivyolainisha kila kitambaa maisha yake yote kabla ya kukikaza kwenye fremu. Nailoni ilijikunja, ikawa ute kama mlenda. Nusu ya mgomba ikaenda nayo.

Mama aliweka kikombe chini.

"Uliniambia nikimaliza tunaloweka," alisema. "Hukuniambia nikianza nisiloweshe."

Ilikuwa kweli. Nikasema nitaichora mwenyewe nusu iliyopotea.

"Wewe? Yule mbuzi wako wa darasa la nne, mpaka leo hatujui kichwa kilikuwa wapi."

Akavuta taulo, akaanza kuhesabu nyuzi za kitambaa kwa ncha ya sindano. Utotoni nilimwona akifanya hivyo, nikadhani anakagua uchafu. Kumbe mgomba wake ulikuwa na vipimo, na alikuwa navyo kichwani.

"Kutoka kwenye shina, nyuzi nane juu, tatu kulia. Weka nukta."

Nikaweka nukta kwa penseli.

"Sasa sita, mbili. Usiinamie hivyo, unanizibia mwanga."

Nukta zilipotosha kufanya jani, alichukua sindano akaziunganisha. Jani moja nilikosea. Aliona, akashona tu.

Alhamisi mchana tuliloweka taulo kwenye beseni. Mabaki ya nailoni yaliteleza vidoleni hadi yakatoweka. Mgomba ulibaki mzima.

Kitinda mimba aliliondoa kambani likiwa bado bichi. Alilitazama muda mrefu, akaweka kidole kwenye jani lililoinama.

"Mama, hili limelewa."

"Limeanza mapema rubisi ya harusi yako."

Alicheka, kisha akalia kidogo, akajifuta kwa kiganja asiliguse taulo.

Jioni hiyo mama aliniuliza kama duka la Ngara mjini bado linauza uzi wa kijani. Nikamwuliza ni wa nini, maana mabinti wamekwisha.

"Kwani wewe," alisema, "huna binti?"